Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo chetu: tuacheni tupime

Malindi,
Kaunti ya Kilifi.

Kwa Naibu Chansela,
Mkuu wa Kitivo cha Sayansi,
na Mwenyekiti wa Idara ya Fizikia.

Waheshimiwa,

MINT: MAABARA, FALSAFA YA SAYANSI NA HAKI YA MWANAFUNZI WA FIZIKIA KUULIZA

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Malalamiko haya yalianza kwa mdomo katika ofisi ya idara. Yakaandikwa, darasa zima likatia sahihi, yakapelekwa kwa mkuu wa kitivo kupitia mwakilishi wetu. Barua ilipokelewa na kupigwa muhuri. Jibu halikuja hadi leo, na darasa letu linakaribia kuondoka chuoni.

Sitamtaja mhadhiri yeyote. Wengi wao wanafundisha katika hali ngumu, wengine wameajiriwa kwa muhula tu na malipo yao huchelewa, na wapo ambao nitawashukuru maisha yangu yote. Ninaoulalamikia ni utaratibu, na wenye mamlaka juu ya utaratibu huo ni nyinyi.

1. Maabara inatufundisha kupika matokeo

Jaribio la pendulamu kila mwanafunzi wa fizikia analijua. Unafunga kipande cha chuma kwenye uzi, unapima urefu, unahesabu muda wa kwenda na kurudi, na kutokana na hayo unaipata g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka: kasi yake inaongezeka kwa mita ngapi kwa sekunde katika kila sekunde. Mwongozo wetu wa maabara unasema jibu ni 9.81. Kundi letu lilitumia uzi wa mita moja, likahesabu mabembeo 100 badala ya 20 yaliyoagizwa, likarudia, likapata 9.77, na kosa la kipimo la 0.02 juu au chini. Ripoti ilirudi imekatwa alama, na pembeni kwa wino mwekundu: "Hamkufikia thamani ya kitabu." Makundi yaliyoandika 9.81 yalipata alama kamili. Darasani hakuna asiyejua ile 9.81 ilikotoka. Iliandikwa kwanza, kisha muda ukapigiwa hesabu kinyumenyume mpaka ukakubali.

Waheshimiwa, 9.81 ni ya London. Hapa Malindi, nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, g ni takribani 9.78. Dunia inazunguka, na anayebebwa kwa kasi zaidi na mzunguko huo ni aliye karibu na ikweta. Tena dunia imevimba katikati, hata sisi tuko mbali zaidi na kitovu chake, kwa kilomita kama 21, kuliko mtu aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini. Mambo hayo mawili yakijumlishwa, g ya ikweta inakuwa pungufu ya ile ya nchani kwa takribani 0.05. Kati ya London na Malindi tofauti ni 0.03. Kwa pendulamu ya mita moja, hiyo ni kama theluthi moja ya sekunde katika mabembeo 100. Ni ndogo, lakini inapimika kwa uzi, rula na subira.

Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi tano kaskazini mwa ikweta. Alikuta kwamba saa ya pendulamu iliyokwenda sawasawa Paris ilikuwa ikichelewa kule kwa takribani dakika mbili na nusu kila siku. Angeweza kuirekebisha kimya kimya na kuandika kwamba kila kitu kiko sawa. Aliandika alichokiona. Miaka 15 baadaye, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, Newton aliutumia ushahidi huo kueleza kwamba dunia si tufe kamili. Tofauti ile ile iliyotukatia alama ndiyo iliyowaonyesha watu umbo la dunia wanayoishi.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyaona chuoni. Mwanafunzi anayeadhibiwa kwa kupima kwa uaminifu hujifunza mambo mawili siku moja: kwamba ukweli unakaa kitabuni, na kwamba macho yake hayafai. Akifika mwaka wa tatu hapimi tena. Ripoti za waliotangulia zinauzwa kwa simu, zikiwa na jedwali, grafu na hata sentensi za hitimisho. Osiloskopu, vyombo vinavyoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, zinazofanya kazi ni chache kiasi kwamba fundi wa maabara huonyesha jaribio mbele na sisi tunatazama kwa nyuma, tukinyanyua shingo. Jaribio la kutazama halina kosa la kipimo, na fizikia imo humo humo ndani ya lile kosa: limetoka wapi, ni kubwa kiasi gani, linaniruhusu kudai nini na linanikataza kudai nini.

Na ada ya maabara tunalipa kila muhula. Wazazi wetu wanailipa kwa samaki, kwa nazi, kwa vibarua vya hotelini msimu wa watalii. Hatujawahi kuonyeshwa imenunua nini.

2. Falsafa ya sayansi ipo kwenye karatasi tu

Kitabu cha mwongozo tulichopewa siku ya kujisajili kinaitaja kozi ya Historia na Falsafa ya Sayansi kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Nilichagua fizikia nikiwa nimeiona kozi hiyo, na nilikuwa nikiisubiri. Mwaka wa tatu ulipofika tuliambiwa hakuna mhadhiri, tuchague nyingine. Waliotutangulia waliambiwa vivyo hivyo, na waliotufuata pia.

Najua wapo wanaoiona kozi hii kuwa pambo. Basi niseme kilichotokea tulipofika kwenye fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa. Mwenzetu aliuliza: kabla ya kupimwa, elektroni iko wapi? Akajibiwa kwamba hilo haliko kwenye mtihani. Darasa likarudi kwenye kutatua mlinganyo. Swali hilo ndilo lililowashughulisha wanafizikia Albert Einstein na Niels Bohr kwa miaka mingi. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha namna sehemu ya mabishano yao inavyoweza kupelekwa maabara, na mwaka 2022 Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa majaribio ya njia hiyo. Mwenzetu alikuwa amegusa mlango ambao wakubwa wa fani waliupita kwa taabu, akaambiwa akae chini. Sijamsikia akiuliza tena darasani.

Einstein mwenyewe aliwahi kuulizwa kuhusu jambo hili. Mwaka 1944 Robert Thornton, aliyekuwa akitaka kuingiza falsafa ya sayansi katika ufundishaji wa fizikia huko Puerto Rico, alimwandikia kumwomba maoni. Einstein alimuunga mkono. Alieleza kwamba kuijua historia na falsafa ya sayansi humpa mtu uhuru dhidi ya dhana ambazo kizazi chake kimezizoea bila kuzichunguza. Huo ndio uhuru tunaouomba.

Tena falsafa hii haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Mwaka 1632 Galileo aliandika kwamba kujaa na kupwa kwa bahari kunatokana na mwendo wa dunia, na akamshangaa Kepler kwa kuuhusisha mwezi. Mvuvi yeyote wa hapa Malindi angemwambia amekosea. Anajua maji ya bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Anajua kila siku maji yanachelewa kwa karibu saa nzima kuliko jana, kama mwezi unavyochelewa kuchomoza. Lakini mvuvi huyo, ukimuuliza kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku ilhali mwezi hupita juu mara moja, hana jibu, na Newton analo. Kati ya mvuvi aliyeona sawa asieleze, na Galileo aliyeeleza asione sawa, kuna swali zima la maana ya kujua. Sisi tunalizungumza usiku nje ya bweni, wawili watatu wamekaa barazani na chai ya rangi, mpaka muadhini anaadhini alfajiri. Saa zile ndizo zilizonifanya nihisi kwamba niko chuo kikuu. Inanisikitisha kwamba hakuna saa hata moja iliyofanana nazo kwenye ratiba.

Wazee wetu walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwanafalsafa Karl Popper alidai kwamba kauli ya kisayansi lazima iwe inaweza kukanushwa na yatakayotokea. Usemi huu unaweza kukanushwa: unataja kundi la nyota, unataja majira, unaiacha mvua yenyewe itoe hukumu. Je, ni sayansi? Kama si sayansi, umepungukiwa na nini? Ningependa kuliandikia swali hilo kurasa kumi na mtu anisahihishe kwa ukali.

3. Alama zinazopotea

Hili ni fupi kwa sababu kila mwanafunzi analijua. Mtu amefanya mtihani, amesaini karatasi ya mahudhurio, na matokeo yakitoka nafasi yake ni tupu. Anatumwa idarani, idara inamtuma kwa mhadhiri, mhadhiri mkataba wake umekwisha na amehamia kwingine. Wapo waliokosa kuhitimu kwa ajili ya alama ya kozi moja ambayo waliifanya na kuifaulu. Idara inayomkatia mwanafunzi alama kwa tofauti ya 0.04 haina budi kuzitunza alama hizo.

4. Anga na bahari ya hapa hapa haviingii darasani

Kaskazini mwa Malindi, Ngomeni, ukisimama ufukweni unayaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini tangu miaka ya sitini. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, katika maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za mbinguni. Eksirei hizo hazipenyi angahewa, kwa hiyo aliye ardhini hawezi kuziona. Kwa kuheshimu siku ile, setilaiti iliitwa Uhuru. Vipimo vyake viliorodhesha vyanzo vya eksirei zaidi ya 300, vikaonyesha kwamba kimojawapo, Centaurus X-3, inapiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8, na vikasaidia kuifanya nyingine, Cygnus X-1, ishukiwe kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Na kwa nini Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walikuja mpaka Ngomeni? Kwa sababu karibu na ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa kasi ya kama mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa upande huo inaondoka na kasi hiyo bila kuchoma mafuta. Ni mzunguko ule ule unaoipunguza g yetu. Jambo lililomfanya mtu avuke bahari aje kujenga jukwaa kwenye maji yetu ndilo ambalo mwongozo wetu wa maabara unalihesabu kuwa kosa la mwanafunzi.

Darasa letu halijapelekwa Ngomeni hata mara moja. Tuliomba basi la chuo na barua ya utambulisho. Hatukupewa hata jibu la kukataa. Ramani ya nyota tunayotumia imechorwa kwa anga ya Ulaya, nayo inaiweka Nyota ya Kaskazini juu, nyota ambayo kwetu imezama chini ya upeo wa macho. Msalaba wa Kusini, ambao manahodha wa hapa wanaujua, hauko. Mfano wa maji kujaa na kupwa hutolewa Ghuba ya Fundy, Kanada, na bahari iko mwendo wa matatu kutoka lango la chuo.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema hakuna fedha. Kwa osiloskopu nakubali, ni ghali, na hatudai zije kesho. Lakini pendulamu haihitaji bajeti. Mti wenye alama za sentimita ukifungwa kwenye nguzo ya gati hautagharimu zaidi ya chakula cha mchana, na ukisomwa kila saa kwa mwezi mmoja utatoa data halisi ya kujaa na kupwa kwa maji ambayo mwanafunzi anaweza kuichambua mwaka mzima. Kubadilisha mwongozo wa maabara useme "pima g ya hapa na ueleze kosa lako" ni kazi ya kubadili sentensi moja.

Mtasema wanafunzi ni wengi. Tugawanyeni. Tuko tayari kuja Jumamosi, tuko tayari kuja usiku, na nyota hata hivyo hazionekani mchana.

Mtasema mtaala umeidhinishwa na hauwezi kuguswa. Kozi ninayoizungumzia imo ndani ya mtaala huo ulioidhinishwa. Tunaomba ufuatwe.

Mtasema soko la ajira halitaki falsafa. Wengi wetu tutakuwa walimu, katika shule za Magarini, za Ganze, za Garsen, za Lamu. Fizikia ya KCSE ina karatasi ya tatu, ya vitendo. Mwalimu aliyefundishwa kupika data atawafundisha wanafunzi wake kupika, na wao watafika chuoni wakiwa mafundi tayari. Kama kuna hoja ya ajira, basi iko upande wetu. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ilirushwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa. Mwaka 2023 Taifa-1 ikafuata. Kazi hizo zinataka mtu anayejua tofauti ya kipimo na matamanio.

Wapo pia, na baadhi yao ni wazazi wetu wapenzi, wanaohofu kwamba falsafa itawatoa vijana katika dini. Nawaheshimu, na nawajibu kwa heshima hiyo hiyo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu na mwaka 1040, alikuwa Muislamu, na aliishi kwa kuuliza. Alimkosoa Ptolemy, bingwa wa kale wa elimu ya nyota, kwa maandishi. Alishikilia kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, kinyume na wanafalsafa wa Kiyunani waliodai kwamba jicho ndilo linalotoa mwale, na akayapa madai yake majaribio ya kuyashikilia. Mabarazani na misikitini pwani hii tumelelewa kwenye mjadala wenye adabu. Tunaomba adabu hiyo hiyo darasani.

Tunachokiomba

Tunaomba mwongozo wa maabara wa mwaka wa kwanza urekebishwe kabla ya muhula ujao, na alama zitolewe kwa uaminifu wa kipimo na ubora wa maelezo ya kosa, hata kama jibu haliko kitabuni. Ripoti yoyote iliyonakiliwa isipewe alama, iwe ya nani.

Tunaomba kozi ya Historia na Falsafa ya Sayansi ifundishwe. Kama idara haina mtu, kitivo jirani kina wahadhiri wa falsafa. Nchi hii ilimlea mwanafalsafa Odera Oruka, aliyekwenda vijijini kuwasikiliza wazee wenye hekima na kuyapa mawazo yao nafasi chuo kikuu. Haiwezi kukosa mtu mmoja wa kutufundisha saa tatu kwa wiki.

Tunaomba matumizi ya ada ya maabara yabandikwe kwenye ubao wa idara kila mwisho wa muhula. Tunaomba kila alama iliyopotea ipewe mtu mmoja wa kuifuatilia, mwenye jina na tarehe ya mwisho, badala ya mwanafunzi kuzungushwa mlango hadi mlango.

Tunaomba ziara ya Ngomeni kwa kila darasa la mwaka wa pili, na kituo kidogo cha kupimia maji baharini kitakachosimamiwa na wanafunzi wenyewe. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kivuli kamili kitapita Afrika ya Kaskazini, Uarabuni na pembe ya Somalia, na hapa kwetu tutaona sehemu. Tunaomba idara ianze sasa kuandaa vichujio salama vya macho na mpango wa vipimo, na shule za sekondari za Malindi na Lamu zialikwe. Mimi nitakuwa nimeshahitimu. Nitakuja kusaidia kubeba meza.

Jina langu na sahihi yangu mnazo katika barua mliyoipiga muhuri. Tunaomba jibu la maandishi, na kikao cha idara pamoja na wawakilishi wa kila mwaka, kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula huu. Siku yoyote mtakayoitaja tutafika, tukiwa na daftari letu la maabara lenye ile 9.77, hesabu zote zimo.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa nne,
Shahada ya Sayansi (Fizikia).

Nakala: Ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, Chama cha Wanafunzi, wazazi na walezi.